Nani Aliifungua Seva?

Nikutegee kitendawili: halali usiku wala mchana, akizirai ghafla akazinduka, hajui hata kilichomo tumboni mwake. Umeshindwa? Ni seva, mashine inayotunza mafaili ya wagonjwa. Ile ya zahanati moja kule Nan, kaskazini mwa Thailand, ilizirai asubuhi ya radi, umeme ulipokatika pu.

Umeme ukarudi. Duangjai, binti anayeitunza, akabonyeza kitufe. Feni zikavuma, taa zikawaka, kisha maandishi yakatokea kwenye skrini: diski haionekani. Akazima, akawasha. Maneno yale yale.

Nyuma yake alisimama Bi Rabiab, mkuu wa zahanati, mikono kifuani. Hakuuliza mashine ina nini. Aliuliza nani mwingine ana ufunguo wa chumba hicho cha seva, na jibu alilijua: Duangjai na fundi wa mkataba, Mjomba Thawon, basi. Akasema, kwa upole unaochoma, kwamba diski haina miguu, na isipoonekana kufikia mchana ataita polisi.

Duangjai akamtupia jicho Thawon, aliyekuwa mlangoni akikandakanda tonge la wali wa kunata bila kulila. Mbona mcheshi huyu leo kimya? Mbona anakwepa macho yake?

Akairudia skrini, asome vizuri. Pembeni kabisa kulikuwa na tarehe, ya mwaka ambao seva ile ilikuwa haijaundwa. Mashine iliyosahau tarehe imesahau na mipangilio yake, hata namna ya kuzisoma diski. Kinachoikumbusha umeme ukikatika ni kibetri kidogo kama kifungo cha shati.

"Mjomba, kibetri cha humu ulikibadilisha lini?"

"Ah, binti yangu, si kila mwaka nakuja?"

"Kuja unakuja. Hata paka anakuja. Nimeuliza kibetri."

Thawon akakohoa, akaanza habari za mvua. Bi Rabiab akageuza shingo polepole, sasa akimkagua mzee.

Duangjai akaivuta seva kabatini aifungue, akasita. Ule uzi mweupe ambao mtawa wa Kibudha aliizungushia kuibariki siku ya kuizindua ulikuwa umegeuka kijivu, fundo halijaguswa, na kifuniko hakitoki bila kuukata, yaani kuikata baraka yenyewe. Bi Rabiab naye akaliona fundo, mikono ikamshuka. Diski zilikuwa humo humo.

"Mjomba," Duangjai akasema taratibu, "ulikibadilisha lini?"

Thawon akainamisha kichwa. "Sijawahi. Nilikuwa napangusa vumbi juu juu, naondoka. Uzi wa mtawa, binti yangu, ningeanzia wapi kuukata?"