Mheshimiwa Hajawahi Kuoga

Kasuku wa mjomba aliingia nyumbani kwetu Alhamisi asubuhi, na kwa furaha nikashindwa hata kumaliza chai. Tangu utotoni nilikuwa namtamani ndege yule. Mjomba alikuwa kinyozi, na miaka yote tundu la kasuku lilining'inia kando ya kiti cha wateja. Sasa amefunga kibanda, anahamia kwa binti yake kwenye ghorofa ambalo mwenye nyumba hataki hata kusikia habari za ndege.

"Mpwa wangu, kula anakula kila kitu," mjomba aliniambia. "Alizeti, karoti, papai, mahindi ya kuchemsha. Parachichi usithubutu, ni sumu kwake. Kuoga ndiko hajui. Sijamwogesha hata siku moja."

Hata siku moja! Mimi ni dobi jamani, nusura nikae chini.

"Asipokula mpaka Jumamosi saa kumi, nampeleka kwa mfuga ndege mmoja ninayemjua," akaendelea. "Ni mbali, sitamwona tena, lakini afadhali hivyo kuliko afe njaa." Akaishusha kofia mpaka machoni, akaondoka upesi bila kuaga vizuri.

Basi, Mheshimiwa, ndilo jina la kasuku, akagoma kula. Alhamisi nilimkatia papai vipande vidogo vidogo, akavitazama kwa jicho moja, akavitupa chini kimoja kimoja. Ijumaa nikaleta mahindi, akanigeuzia mgongo. Nikamwimbia. Nikala mbele yake huku nikijilamba vidole. Mume wangu, aliyekuwa anagongomea mguu wa meza, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama watoto, mbona mimi nikinuna hunibembelezi hivyo?"

"Wewe ukinuna unakula," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi nikakata shauri kwamba tatizo ni uchafu. Nani ana hamu ya chakula akiwa na vumbi la miaka mgongoni? Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu, nikayapima kwa kiwiko, nikakunja mikono ya gauni. Loo! Nilipomsogeza tu, alipiga kelele mtaa mzima ukajua. Akanidona kidole, beseni likapinduka, aliyeoga nikawa mimi. Mume wangu alinipa taulo huku mabega yakimchezacheza kwa kicheko.

Kufikia saa tisa na nusu nilikuwa nimekata tamaa. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kisha nikarudi kwenye meza ya pasi, maana mashati ya watu hayanyooki kwa machozi. Nikachukua chupa ya kupulizia, nikalowesha kola. Fsss, fsss.

Nyuma yangu tundu likatikisika.

Nikageuka. Mheshimiwa alikuwa amesogea mpaka kwenye vyuma vya tundu, mabawa ameyakunjua, kichwa amekiinamisha, manyoya yote yamesimama. Nikapuliza shati tena. Akapiga mluzi!

"Baba watoto! Njoo! Njoo uone!"

Kumbe! Kinyozi gani asiyepulizia maji vichwa vya wateja kutwa nzima? Na tundu lilikuwa papo hapo kando ya kiti! Mjomba, masikini, alikuwa akimwogesha ndege wake kila siku bila mwenyewe kujua.

Nikaelekeza chupa kwenye tundu, kisha mkono ukasita. Mezani kwangu chupa ni mbili zinazofanana, moja ya maji matupu, nyingine ya wanga wa kukakamaza kola. Niliyoishika ni ipi?

"Onja!" mume wangu akapiga kelele.

Nikajipulizia ulimini. Maji matupu!

Nikapuliza juu, matone yakamwangukia taratibu. Akainua bawa la kushoto, akainua la kulia, akajigeuza mgongo nao upate. Maji ya kijivu yakachuruzika. Mimi na mume wangu tulishikana mikono tukarukaruka, watu wazima na akili zetu. Mheshimiwa akajikung'uta, akateremka bakulini kwa madaha, akashika kipande cha papai kwa mguu, akala. Akala cha pili! Akahamia kwenye alizeti, maganda yakaruka mpaka kwenye mashati niliyokwisha kunyoosha. Yaruke tu.

Saa kumi kamili mjomba akabisha hodi. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kufunikia tundu, na uso alikuwa ameshauandaa kwa habari mbaya. Nikataka kumweleza yote kwa mpigo, kola, chupa, wanga, papai, maneno yakakanyagana mdomoni. Mheshimiwa akanitangulia. Alinyoosha shingo yake iliyolowa, akamtazama mjomba, akaita kwa sauti ya mjomba mwenyewe, ile ya kibandani:

"Anayefuata!"

Mjomba aliangalia maganda ya alizeti, akaangalia na chupa mkononi mwangu. Kisha akavua kofia, akavuta kiti mpaka kando ya tundu, akaketi, akainamisha kichwa.

"Haya, mpwa wangu," akasema. "Pulizia."

Nikapuliza, wakalowa wote wawili.