Sauti ya Casimir Kwenye Kilio

Daktari alikuwa amemwambia Casimir wazi: asiimbe, asiongee, hata kunong'ona asinong'one, mpaka kidonda kwenye nyuzi za sauti kipone. Lydie, mkewe, aliyashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa yai. Nyumbani kwao Makomeno alizima redio, akawarudisha wageni mlangoni, akamzoeza mumewe kuomba chai kwa kugonga meza.

Sauti yenyewe Lubumbashi nzima ilijua ilikotoka. Casimir aliikuzia kwenye kwaya ya parokia, kisha akashika gitaa la umeme wakati kila mtu mjini alitaka rumba. Walimcheka. "Roki na Kiswahili? Kelele ya bazungu hii!" Miaka ikapita, na wale wale waliocheka wakajaa uwanjani wakiimba naye hadi mabati yakatetemeka. Halafu mwimbaji mmoja wa Makedonia, nyota mkubwa wa pop-rock huko kwao, akausikia wimbo wake kwenye simu, akamwandikia: njoo Skopje tuuimbe pamoja, wewe kwa Kiswahili chako, mimi kwa Kimakedonia changu. Tamasha lilikuwa linakaribia. Kidonda kikipona, safari ipo. Kisipopona, basi.

Ndipo simu ikapigwa kutoka Kasungami, pembeni mwa mji. Mjomba Léonard, aliyemlea Casimir na kumpa gitaa lake la kwanza, amefariki.

"Baki, nitaenda peke yangu," Lydie alisema. "Nitawaeleza."

Casimir alitikisa kichwa. Alikuwa tayari anavaa viatu.

Katika ukoo wao mtu haingii kwenye kilio kimyakimya. Unaanza kulia njiani, kabla hujafika chini ya turubai. Unamwita marehemu kwa jina, unamuuliza amekuachia nani. Anayeingia amefunga mdomo ana jambo analificha. Lydie alilijua hilo, ingawa yeye ni mtu wa Kasai, si wa ukoo huo, kwa hiyo alilia kwa niaba ya wote wawili, kwa nguvu zake zote, mpaka wanawake waliokaa mikekani wakageuka. Lakini hawakumtazama yeye. Walimtazama mwanamume aliyesimama nyuma yake, machozi yanamtiririka, midomo imebanwa.

Jean-Claude, mtoto wa marehemu, akainuka kwenye kiti cha plastiki.

"Vedeti, nyota yetu, amefika! Ku stade unapasua bantu masikio. Kwa baba yangu unanyamaza?"

"Iko mugonjwa, shemeji," Lydie alisema. "Docteur alimukataza kufungua kinywa. Iko na kidonda mu koo."

"Kidonda! Na kule Ulaya ataimba na nini, na magoti?"

Mtu akacheka. Mwanamke mmoja mkekani akasema, si kwa sauti ya chini sana: "Bavedeti banauzisha bantu ya familia juu ya jina. Mutoto anapanda ndege, mujomba anashuka mu kaburi."

Hapo kicheko kikakatika, maana hilo lilikuwa shtaka la uchawi: kumtoa ndugu kafara ili upate umaarufu. Lydie akasimama kati yao na mumewe. Akaanza kueleza habari za hospitali, za kamera iliyoingizwa kooni, za dawa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo maneno yake yalivyozidi kusikika kama visingizio, hata masikioni mwake mwenyewe.

Mama Clotilde, dada mkubwa wa marehemu, alimnyamazisha kwa kiganja. "Mama, weye tulikuoa, hatukukuzaa. Kaa." Kisha akamgeukia Casimir, na sauti yake ikalegea. "Mutoto yangu, alikubeba ku mugongo. Mulilie. Tusikie."

Lydie akamshika mumewe mkono wa shati. "Casimir, hapana. Sauti yako. Nakuomba."

Alimtazama mkewe. Akavitoa vidole vyake taratibu, kimoja kimoja, akafungua kinywa.

Alimwita mjomba wake kwa jina, kisha akaimba wimbo ambao mzee alikuwa akiuimba kila aliporudi kutoka karakana ya reli. Mwanzoni sauti ilitoka nzima, ndefu, safi, hata Lydie akafikiri pengine daktari alikosea. Wanawake wakainuka. Jean-Claude akamwangukia begani, analia kama mtoto. Halafu, pale wimbo unapopanda, kitu kikachanika. Casimir hakuacha. Aliimba na mabaki, kisha na pumzi tu, na kilio cha watu kikaifunika pumzi ile. Hakuna aliyegundua isipokuwa mkewe.

"Sasa njo uko mutoto yetu kweli," Mama Clotilde alisema, akimpangusa uso kwa kitenge. "Tumesikia."

"Yaya, mukubwa yangu, unisamehe," Jean-Claude akasema. "Kesho ku makaburi utatuimbia tena, hein?"

Casimir akaitikia kwa kichwa.

Lydie alikalishwa mkekani, akawekewa bukari, yaani ugali, na samaki wa Kasenga. "Kula, mama. Bwana yako ametupatia heshima." Hakuwa na njaa, ila kukataa chakula cha kilio ni kosa jingine, na hakuwa na nguvu za kosa jingine. Akanawa, akamega tonge. Upande wa wanaume, hatua chache tu kutoka mkekani, Casimir alikuwa akimwambia mkewe kitu. Midomo yake ilikwenda, shingo imemtoka mishipa. Lydie alitega sikio. Hakusikia chochote. Akatikisa kichwa kana kwamba amesikia, akameza.