Chura Dume wa Jarubani

Polikarpo alirudi Lumemo Januari hii, miaka kumi na sita tangu aage kwamba anakwenda kukata miwa msimu mmoja. Msimu gani huo, Mungu ndiye ajuaye. Alishuka kwenye bodaboda na shati jipya, akanisalimu kana kwamba ametoka dukani.

Sikuhitaji kuuliza kilichomleta. Mwanetu Mariana alikuwa anachumbiwa, na washenga wangekuja Jumapili. Kwetu posa hupokelewa na baba, amekaa kiti cha mbele. Lakini mimi na Mariana tulikuwa tumekwisha kubaliana kwamba kiti hicho nitakikalia mimi, wazee wanune wakitaka. Kiti hicho nilikuwa nakitaka, sioni haya kusema.

Alhamisi mwanamume akajitia kunisaidia shambani. Kwenye kona ya jaruba letu la mpunga palikuwa na dimbwi lililojaa viluwiluwi, na chura dume mkubwa akiwalinda. Kwa vyura wa aina hii, jike hutaga akaenda zake; dume ndiye hubaki. Nimewaona miaka mingi. Hata ng'ombe akisogea, humrukia. Dimbwi likianza kukauka, huchimba mfereji kwa miguu ya nyuma mpaka kwenye maji mengi, watoto wakapita. Asubuhi hiyo alikuwa amefika nusu, na mimi na Mariana tulikuwa tumesimama tukimtazama.

Polikarpo akaja na jembe lake. Kabla sijafungua mdomo, chura alimrukia akamng'ata kidole cha mguu. Naye akampiga mara moja tu, kwisha.

"Lilikuwa linakula viluwiluwi hili," alisema akijifuta jasho. "Nimewaokoa."

"Ndiye baba yao," nikamwambia.

Alicheka sana. "Chura naye ana baba? Mama Mariana, jua limekuchoma."

Nilimnyang'anya jembe nikaumalizia ule mfereji mwenyewe. Viluwiluwi wakaanza kupita, wachache wachache. Nilidhani Mariana ameona nilichokiona mimi.

Jioni alinifuata jikoni. "Mama, naomba Jumapili akae baba."

"Baada ya yote haya?"

"Najua ulivyonilea. Lakini kule ninakokwenda watanisema kwamba sina baba. Siku moja tu, mama."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema ni mzazi yupi. Nilimkubalia. Ningefanya nini, nimgombanishe na ndoa yake?

Jumapili nilikuwa jikoni na masufuria, mlango wa sebuleni uko wazi. Mzee Evodius, mshenga, aliuliza kama desturi inavyotaka: "Binti huyu amelelewa na nani, ili tujue pa kutoa shukrani?"

Polikarpo akakohoa kidogo. "Nimemlea mimi, kwa taabu nyingi."

"Ni kweli, binti?"

Mariana aligeuka akaniona pale mlangoni, mwiko mkononi. Tulitazamana. Kisha akainamisha uso.

"Ni kweli," alisema.

Mawifi zangu wakapiga vigelegele. Wageni wote walikuwa wananitazama mimi, mama wa binti, kwa hiyo na mimi nikapiga.