Duara la Mwalimu Bikari

Wanafunzi walimwita baba yangu Mwalimu Bikari, maana alichora duara kwa mkono mtupu na likatoka safi kama la bikari. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Mimi, binti yake, nilifundisha kemia chumba cha pili, na tukiwa kazini aliniita "Mwalimu", kama alivyowaita wenzangu wote.

Jumanne moja asubuhi kiranja wa darasa la mwisho alinifuata maabara.

"Mwalimu, samahani, njoo. Tumembishia Mwalimu Bikari, amekasirika sana."

Baba kukasirika? Niliacha chupa zangu mezani.

Ubaoni palikuwa na swali la namba changamano: |z − 2| = |z − 4i|. Yaani, onyesha nukta zote ambazo umbali wake kutoka 2 ni sawa na umbali wake kutoka 4i. Jibu ni mstari ulionyooka, unaopita katikati ya nukta hizo mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini alikuwa amechora duara, kitovu chake 2, likipita kwenye 4i.

"Ni duara!" alisema. "Nani kawaambia mjue kuliko mimi?"

Nilikaa dawati la nyuma, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nukta 4i iko juu ya duara?"

"Iko."

"Kutoka hapo hadi 4i ni umbali gani?"

"Swali gani hilo? Sifuri."

"Na kutoka hapo hadi 2?"

Akautazama ubao, akanitazama mimi, akarudi kwenye ubao. Kisha akalifuta lile duara kwa mkono wa shati, taratibu, mpaka likabaki vumbi.

"Nimechoka kidogo," akasema. "Mwanangu, endelea wewe."

Hakuna aliyecheka. Nikauchora mstari.

Saa ya mapumziko nilimkuta peke yake kwenye chumba cha walimu. Alitoa mfukoni karatasi ndogondogo, akazipanga mezani: ratiba yake, majina ya wanafunzi, namba ya nyumba yetu.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka jana. Wiki iliyopita niliuliza watu njia ya kurudi nyumbani. Nikasema mimi ni mgeni." Alijaribu kucheka. "Niandikie barua ya kuacha kazi kwa mkuu wa shule. Nikiandika mwenyewe nitakosea, halafu watasema kweli akili imeniishia."

"Subiri kwanza tumwone daktari."

"Daktari tutamwona. Lakini hawa watoto wana mtihani, na mimi nawapoteza. Andika."

Nikaandika, yeye akatia sahihi. Kemia yangu akapewa mwingine, mimi nikachukua darasa lake. Daktari alitwambia jina la ugonjwa na dawa za kuupunguzia kasi. Kasi haikupungua.

Mtihani ulipofika, swali la nne lilikuwa la umbali sawa kutoka nukta mbili. Wanafunzi walitoka wakipiga kelele za furaha, wakaniomba nimpelekee Mwalimu karatasi aione.

Nilimkuta sebuleni, kavaa tai. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma hadi chini, akanirudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Samahani, mama," akaniambia. "Mimi hesabu sikuzisoma."

"Hata mimi zilinitoa jasho," nikamjibu, nikakaa karibu naye.