Mapajani kwa Baba

Jana fundi cherehani alitolewa nje ya wodi, akabaki mlangoni akimsikia bintiye akilia hadi sauti ikamkauka. Kwa hiyo leo, nesi alipoandaa sindano ya dripu, fundi aliinuka mwenyewe ili atoke.

"Unakwenda wapi, baba?" nesi alimwuliza. "Kaa, mpakate. Ila usimdanganye."

Fundi akaketi, akampakata bintiye. "Mwanangu, itauma, kama umeng'atwa na siafu."

"Wangapi?"

"Mmoja tu, tena kibogoyo!"

Binti akacheka huku machozi yakimlenga, akajikunyata kifuani kwake. Sindano ikaingia mara moja. Akapiga ukelele mfupi, basi.

"Jana tulimshika watu watatu," nesi alisema akibandika plasta. Kisha akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa: baba asitolewe nje.