Chuma cha Kwapani

Mpiga picha wa hospitali alimuuliza fundi cherehani kama ana chuma chochote mwilini, maana mashine ya kumpiga picha za ndani ya mwili ni sumaku tupu. Fundi akaapa hana. Wifi yake, mwanamke asiyeumauma maneno, akamchomoa pini kwenye kilemba.

"Na hii ni mfupa?"

"Mazoea tu, jamani," fundi akasema kwa haya. Kisha akageuza kibao. "Lakini jana si mlinitia dripu ya chuma? Leo kipini kimoja ndiyo dhambi?"

Mpiga picha alicheka, akamweleza tena. Chuma cha jana kilikuwa chembechembe ndogo mno, hata vumbi ni jabali mbele yake. Husafiri mpaka kwenye tezi za kwapani, na picha ingeonyesha kama saratani ya titi lake la kulia imefika huko. Fundi aliitikia kwa kichwa; masikio yalikuwepo, akili haikuwepo. Alichokijua ni kimoja: tezi zikiwa zimeingiliwa zitatolewa, na mkono wa kulia huenda ukavimba usifae tena. Sasa atashona kwa nini, kwa meno?

Mashine ikagonga na kunguruma. Humo ndani alijipa moyo kwa kushona koti zima kichwani, kuanzia kola.

Baadaye daktari aliwageuzia kompyuta waone. Kwapani palikuwa na vidoa vyeusi tii. Maisha yake yote fundi amekuwa akisaka madoa kwenye vitambaa vya watu. Doa hakuhitaji kuonyeshwa.

"Basi," akasema. "Kateni tu. Nimeshaona."

"Umeona nini, mama?"

"Si hayo madoa?"

Daktari akavuta kiti karibu. "Mama, tezi yenye afya ndiyo inayokimeza chuma, ikatoka nyeusi. Yenye saratani haikimezi, inabaki nyeupe. Zako zote zimekimeza."

"Hakuna nyeupe hata moja?"

"Hata moja. Titi tutalitibu. Kwapa hatuligusi."

Fundi akamgeukia wifi yake kwa furaha, akitegemea mzaha. Wifi alikuwa ameinamia mkoba, analia kwa kwikwi kilio alichokizuia tangu asubuhi.

"Nyamaza, wifi yangu," fundi akambembeleza. "Mgonjwa ni mimi bwana." Akamvuta kifuani na kumkumbatia kwa nguvu, kwa mkono wake wa kulia.