Sabuni ya Nyumbani

Vidole vya mwoshaji wa vyombo vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na ndiyo maana kwa wiki tatu alikuwa ameiacha sabuni kali ya maabara, akaosha vichupa kwa sabuni ya mafuta aliyoileta kutoka nyumbani. Vichupa viling'aa. Nani angejua?

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye sinki, amewapa watu mgongo kama kawaida yake, mtafiti mkuu alipomgeukia kijana wa kompyuta.

"Kompyuta yako inaozesha watu wasiopendana, mwanangu. Kwako dawa inaikumbatia protini ya kijidudu. Kwenye kichupa changu hata salamu hawapeani!"

"Mama, hesabu nimeirudia mara kumi. Na lile jaribio la kwanza si vilishikana?"

"Vilishikana mara moja. Wiki tatu hizi, patupu. Leo naifuta dawa hii."

Kijana alifunga kompyuta polepole, kama mtu anayemfunika maiti uso. Miaka miwili ya kazi yake.

Wiki tatu. Kichupa kilimteleza mwoshaji mkononi, akakidaka. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza, na hakuna aliyemfukuza kwa hilo. Kusema ndiko kungemfukuzisha, naye hakuwa na cheti cha kumpeleka kwingine.

"Mama," alisema. "Huenda ni mimi."

Waligeuka wote wawili. Hawakuwahi kumsikia akivuka salamu.

Alieleza bila kuinua macho, kisha akanyoosha mikono. Mtafiti mkuu aliitazama.

"Mafuta ya sabuni yakibaki kwenye kioo yanaziharibu protini. Mbona hukuomba glavu?"

"Niliona haya, Mama."

"Haya!" Alishusha pumzi. "Sikiliza. Tutajaribu na vichupa vipya. Ikiwa ni sabuni, sina budi kuliandika, na juu yako ataamua mkurugenzi. Si mimi."

"Nimeelewa."

Kijana alifungua boksi jipya. Walichanganya dawa na protini, wakaweka kwenye mashine. "Mstari huu kwenye kioo ukipanda, vimeshikana," kijana alimnong'oneza mwoshaji, kwa mara ya kwanza akimsogezea kiti. "Ukilala, basi."

Alikaa. Akapiga hesabu yake mwenyewe, isiyohitaji shule. Mstari ukilala, hana hatia. Kesho atarudi kwenye sinki lake. Ukipanda, ni yeye.

Mstari ulilala. Dakika moja, ya pili. Mtafiti mkuu alivua miwani. Kijana aliinamia kioo cha mashine hadi pumzi yake ikakitia ukungu, na kwenye shavu lake mwoshaji aliuona msuli mdogo ukichezacheza.

Alijikuta amesimama, mikono yake iliyopasuka imeshikana kifuani.

"Panda," alinong'ona. "Panda, tafadhali."